Mabaki ya Oksijeni: Kutoka Tanuri la Buhaya hadi Kijiti cha Mchomeleaji wa Kampene

Kampene hakuna kiwanda cha chuma, wala Maniema nzima hakuna. Hata hivyo chuma huyeyushwa hapo kila siku, tone kwa tone, kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea. Fundi anapounga fremu ya pikipiki iliyokatika, chuma kilicho chini ya moto wake hugeuka maji kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo kinafanya kile ambacho chuma cha maji hufanya popote duniani: kinanyonya oksijeni. Kinachokiokoa ni vazi la kijivu lililopakwa juu ya kijiti. Wengi hudhani vazi hilo ni la kusaidia moto uwake tu. Kumbe ndani yake kuna unga wa feromanganizi, na mara nyingi ferosilikoni pia, na hizo ndizo zinazoikamata oksijeni kabla chuma hakijaganda. Takataka hupanda juu, huganda kuwa ganda jeusi lenye kung'aa, na fundi huligonga kwa kinyundo chake mpaka lidondoke. Kijiti kilichobanduka vazi hutoa mshono wenye vitundu, na mshono wenye vitundu hautamfikisha mwenye pikipiki mbali.

Wakazi wa Kampene wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wa miji mingine. Mji huu wa Warega, katika teritwari ya Pangi, mashariki ya Kongo, umeishi kwa madini mawili yenye tabia tofauti kabisa. Dhahabu haishikani na oksijeni; unaichota mtoni ikiwa dhahabu tayari. Kasiterite ni bati lililofungwa na oksijeni, na halitoki mpaka lichomwe na makaa, ili kaboni ya makaa iichukue oksijeni hiyo na kuondoka nayo. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za Kivu na Maniema, ilisimama juu ya kasiterite hiyo. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, kazi iliendelea kuhamia mikononi mwa wachimbaji wadogo, watu wa nyundo, tindo na mtaimbo. Kwao ubora wa chuma ni chakula cha siku. Tindo likikatika asubuhi, siku hiyo imekwisha.

Sasa, kwa nini oksijeni iwe adui wa chuma? Chuma cha maji chenye joto la nyuzi 1600 kinaweza kubeba oksijeni kiasi cha asilimia 0.23 ya uzito wake. Kikiganda, karibu yote hukosa mahali pa kukaa. Oksijeni hiyo hukutana na kaboni iliyomo chumani, huungana nayo kuwa hewa ya monoksidi ya kaboni, na hewa hiyo hutoka kwa nguvu jinsi povu linavyotoka kwenye chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Povu likinaswa, linaacha matundu. Ndiyo maana, kabla ya kumimina, watu wa viwandani hutia ndani ya chuma vitu vinavyoikamata oksijeni isiungane na kaboni: manganizi, silikoni, alumini. Chuma huacha kuchemka, hutulia kinapoganda, na hapo huitwa chuma kilichotulizwa.

Lakini kitu kilichokamatwa hakijaondoka. Oksijeni iliyoshikwa na silikoni imekuwa silika; iliyoshikwa na alumini imekuwa alumina. Sehemu kubwa ya chembe hizo huelea na kuingia kwenye mavi ya chuma, yaani takataka inayokaa juu ya chuma cha maji, na sehemu nyingine hubaki ndani. Kwa hiyo kuitoa oksijeni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo mafunzo mengi ya ufundi huiruka, ni mabaki: ni ya kitu gani, yana umbo gani, yamekaa wapi. Tukiyalinganisha mapokeo ya ufuaji chuma kwa kigezo hicho, na si kwa ukubwa wa matanuri wala kwa tani, mpangilio wa nani yuko mbele na nani yuko nyuma unabadilika sana.

Tuanze na Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga upya matanuri ambayo hayakuwa yamewashwa kwa miaka mingi, mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery, ambao walichapisha matokeo yao mwaka 1978. Tanuri lilifinyangwa kwa udongo wa kichuguu. Shimo lake lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa laini, na mirija ya udongo ya mivukuto iliingizwa mpaka ndani kabisa ya moto. Schmidt na Avery walidai kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija hiyo kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Mimi naona ubishi ule umefunika jambo lililo wazi zaidi. Chuma cha Buhaya hakikuyeyuka kikawa maji. Kaboni iliichukua oksijeni ya mawe yenye chuma wakati chuma chenyewe kikiwa kigumu bado, kikakua chembe kwa chembe ndani ya mavi yanayotiririka. Kwa kuwa hakikuwa maji, hakikunyonya oksijeni kama chuma cha viwandani kinavyonyonya, wala hapakuwa na povu la kunaswa ndani yake. Oksijeni iliyobaki ilikaa ndani ya mavi ya chuma, oksidi ya chuma iliyochanganyika na mchanga, mchanganyiko unaoyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1200. Mhunzi alilirudisha bonge motoni, akalipiga juu ya fuawe, na mavi yaliyokuwa maji yakakamuliwa nje kwa nyundo.

Wafipa, kusini zaidi, waliigawa kazi hiyo kwa uwazi wa kupendeza. Matanuri yao marefu, malungu, yalifikia urefu wa kama mita 3 na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, kwa siku kadhaa. Kilichotoka humo kilikuwa kichafu na hakikuwa sawa kila mahali. Kilipelekwa kwenye matanuri madogo yaitwayo vintengwe, ambayo yalitumia mivukuto, kikachomwa upya na kusafishwa kabla ya kufika kwa mhunzi. Viwanda vya leo vina tanuri la kuyeyushia na, baada yake, chombo cha pili cha kusafishia chuma kabla ya kumiminwa. Wafipa walijua kwamba tanuri moja haliwezi kufanya kazi zote mbili vizuri.

Je, chuma cha namna hiyo kilikuwa na sifa gani? Mavi yasiyotoka yalivutwa na nyundo yakawa nyuzi nyembamba zinazofuata urefu wa chuma. Ukivuta chuma hicho kwa urefu wake, nyuzi hizo hazina madhara makubwa. Ukikivuta kwa upana, kinapasuka mapema, kwa sababu kila uzi ni mlango wa ufa. Jembe na mkuki hupokea nguvu kwa urefu zaidi, na mhunzi alifua akifuata mwelekeo huo. Mnara wa Eiffel jijini Paris, uliokamilika mwaka 1889, umejengwa kwa chuma cha ukoo huohuo, chenye nyuzi za mavi ndani yake, na bado umesimama. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema uchafu wa chuma cha kale ulikuwa kasoro tu. Ulikuwa uchafu laini, uliokubali kunyooka pamoja na chuma, na ulaini huo una thamani ambayo tutaiona tena mbele, mahali ambapo wengi hawaitarajii.

Njia ya pili ya kushughulika na mabaki ilipita baharini. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kilisafirishwa hadi Bara Hindi. Huko India ya kusini mafundi walikuwa na ustadi wa kuyeyusha chuma ndani ya kalibu ndogo za udongo zilizofungwa, pamoja na vipande vya mti na majani. Ndani ya kalibu iliyofungwa hewa haiingii. Kaboni ya majani huingia chumani, hushusha joto la kuyeyukia, na huifukuza oksijeni. Mavi hupanda juu na kuganda kuwa kifuniko cha kioo. Kinachobaki chini ni kidonge cha chuma kilicho sawa kila upande, karibu bila nyuzi za mavi, chenye kaboni nyingi na uwezo wa kushika makali kwa muda mrefu. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake, walipochunguza vyuma vya kale vya pwani ya Kenya, walitaja pia chuma cha kalibu kutoka Galu, kusini ya Mombasa. Waswahili wa pwani, basi, walikuwa na chuma cha mapokeo yote mawili: kile cha nyuzi na kile cha kalibu.

Huko Sheffield, Uingereza, Benjamin Huntsman aliifikia kalibu kwa njia yake katika miaka ya 1740. Mafundi wa huko walizoea kuiacha kalibu motoni baada ya chuma kuyeyuka, wakingoja mpaka povu likome. Hawakujua sababu, walijua tu kwamba ukimimina mapema utapata chuma chenye matundu. Sababu ilikuwa kwenye ukuta wa kalibu. Kwa joto lile kali, kaboni ya chuma iliunyang'anya udongo oksijeni yake, na silikoni ya udongo ikaingia chumani ikakituliza. Kalibu yenyewe ndiyo ilikuwa dawa. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi mkono wa fundi unavyoweza kuifuata kanuni kwa usahihi karne nzima kabla kanuni hiyo haijaandikwa.

Henry Bessemer, mwaka 1856, alikwenda kinyume. Alipuliza hewa ndani ya chuma cha subu, chenye kaboni nyingi, kilichoyeyuka, kaboni ikaungua, na kwa dakika chache akapata chuma kingi ambacho awali kingechukua siku nyingi. Ila hewa ile ile iliyoondoa kaboni iliacha oksijeni. Walionunua haki ya kutumia njia yake walipata chuma kilichovunjika kikipigwa kikiwa cha moto, na Bessemer nusura aaibike kabisa. Robert Mushet ndiye aliyeonyesha mwaka huohuo kwamba chuma cha subu chenye manganizi kikitiwa mwishoni, manganizi huishika oksijeni na pia salfa, na chuma kinafulika. Hapo ndipo utulizaji ulipogeuka kuwa hatua ya makusudi, yenye kipimo chake na bei yake.

Alumini ilikuja baadaye, baada ya mwaka 1886, njia ya kuitenga kwa umeme ilipogunduliwa na bei yake kuanza kushuka. Hakuna mtulizaji wa kawaida mwenye nguvu kuliko huyu. Chuma kinachotoka tanurini na oksijeni sehemu mia kadhaa katika milioni, kikitiwa alumini ya kutosha, hubaki na sehemu chache tu za oksijeni iliyoyeyuka. Na faida haikuishia hapo. Alumini inayosalia hushikana na naitrojeni, zikawa chembe ndogo mno zinazozuia punje za chuma, yaani fuwele zinazokiunda, zisikue wakati wa joto. Hall mwaka 1951 na Petch mwaka 1953 walionyesha uhusiano wa ukubwa wa punje na nguvu ya chuma: punje zikiwa ndogo, nguvu inapanda. Na hapa chuma kinatoa zawadi adimu, kwa sababu punje ndogo zinaongeza pia uwezo wa kuhimili pigo, wakati njia nyingine karibu zote za kuongeza nguvu zinaupunguza.

Uwezo huo wa kuhimili pigo ndio unaopaswa kuangaliwa zaidi. Ukikivuta chuma polepole kwenye mashine, kilichotulizwa vizuri na kilichotulizwa nusu vinaweza kutoa namba zinazokaribiana. Tofauti hujitokeza chuma kinapopigwa ghafla, hasa kwenye baridi. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, na meli nyingine za Vita vya Pili vya Dunia zilipatwa na nyufa za namna hiyo. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kikipoteza uwezo wa kujipinda kadiri joto lilivyoshuka. Mabamba ya wakati ule mengi yalikuwa yametulizwa nusu tu, punje zake kubwa.

Hata hivyo alumini ina masharti yake, na hapa karakana ndogo zinazosubu chuma ndizo zinazoumia zaidi. Mwaka 1938 Sims na Dahle, nchini Marekani, walionyesha kwamba umbo la chembe za salfidi ya manganizi linategemea utulizaji. Chuma kilichotulizwa kwa silikoni peke yake kilikuwa na salfidi za mviringo, zilizotawanyika bila madhara makubwa. Kilichotiwa alumini kidogo tu kilikuwa na salfidi zilizojipanga mnyororo kwenye mipaka ya punje, na unyumbufu wake ukaanguka vibaya. Kilichotiwa alumini zaidi kidogo kikarudi kuwa kizuri. Kwa hiyo kutia kidogo kunaweza kuwa kubaya kuliko kutotia kabisa. Fundi anayetupa kipande cha sufuria kuukuu ndani ya chuma kwa kukadiria kwa jicho anacheza pale pale penye hatari, na kitu alichosubu kinaweza kuonekana kizuri nje kisha kikakatika siku ya kwanza. Apime uzito wa chuma, apime uzito wa alumini. Na asizidishe bila kikomo, maana kwenye vipande vinene alumini nyingi ikikutana na naitrojeni nyingi huharibu mipaka ya punje kwa namna nyingine.

Tena alumina ni ngumu sana na haiyeyuki mpaka nyuzi zaidi ya 2000. Chuma kinapopitishwa kwenye vinu na kunyooshwa, alumina hainyooki nacho. Inavunjika na kujipanga safu, au inabaki na ncha zake kali, na hapo ndipo uchovu wa chuma unapoanzia. Watengenezaji wa bearingi hutumia ombwe: hunyonya hewa juu ya chuma cha maji, kaboni inaichukua oksijeni na kutoka nayo kama hewa, bila kuacha chembe yoyote nyuma. Wengine hutia kalisi, inayogeuza alumina kuwa matone ya mviringo.

Ila ushahidi ninaouthamini kuliko wote uko ndani ya matairi ya malori yanayoteseka kwenye barabara za Maniema. Nyuzi za chuma zilizomo ndani ya tairi ni nyembamba, nyingi zina unene wa kama milimita 0.2 hadi 0.3, na huvutwa kutoka kwenye waya mnene. Chembe moja ya alumina inatosha kuukata uzi huo. Kwa hiyo wanaotengeneza chuma cha nyuzi za matairi huikwepa alumini kwa makusudi. Hutuliza kwa manganizi na silikoni pamoja, ili mabaki yawe silikati laini, yenye kuyeyuka kwa joto la chini, inayonyooka pamoja na uzi. Ndivyo mabaki ya tanuri la Buhaya yalivyokuwa: silikati laini inayofuata urefu wa chuma. Mojawapo ya teknolojia zilizo ngumu kuliko zote katika kazi ya chuma imechagua, kwa vipimo vya maabara, aina ya uchafu ambayo wahunzi wa maziwa makuu waliishi nayo.

Kongo, kwa upande wake, iliwahi kuuza watulizaji. Manganizi ya Kisenge, kusini ya nchi, ilisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi Lobito kwenda kutuliza chuma cha wengine. Kiwanda cha chuma cha Maluku karibu na Kinshasa, kilichojengwa enzi za Mobutu, kilitegemea chuma chakavu kutoka nje, hakikukaribia uwezo wake kamwe, na kilifungwa mwaka 1986. Nondo zinazofika mashariki leo nyingi zinatoka nje. Katika Uganda na Kenya viko viwanda vinavyoyeyusha chuma chakavu kwa tanuri za umeme, ambazo husafisha kidogo sana: kilichoingia ndicho kinachotoka, na utulizaji unafanywa haraka wakati wa kumimina. Mnunuzi hana maabara, lakini anaweza kukunja nondo moja mbele ya muuzaji, ikiwa baridi. Ikipasuka mgongoni, airudishe.

Mhunzi wa Kampene hanunui nondo kutengeneza tindo. Anatafuta bamba la springi ya lori. Ana haki: lina kaboni ya kutosha kushika makali, na limetulizwa vizuri, kwa kuwa springi isiyo safi ingechoka mapema. Mara nyingi silikoni yake ni nyingi kuliko mahitaji ya utulizaji, imeachwa humo ili kuongeza nguvu ya kurudi. Anapounganisha vipande viwili motoni hunyunyizia mchanga safi, na mchanga huo hushikana na kutu ya moto, ukawa maji, ukatoka nyundo inapotua. Kanuni ni ile ile ya vazi la kijiti cha kuchomelea, na ni ile ile ya malungu.

Lipo jambo moja ambalo ningetaka lifundishwe katika kila karakana na kila shule ya ufundi kuanzia Kindu hadi Kampene: kusoma mahali chuma kilipokatika. Springi iliyokatika kwa uchovu ina sehemu mbili. Moja ni laini, yenye mistari ya mviringo inayopanuka kutoka nukta moja, na ya pili ni mbaya, yenye punje, pale ilipomalizikia kwa ghafla. Ile nukta ndipo ufa ulipozaliwa: mkwaruzo wa juu, shimo la kutu, au chembe iliyobaki ndani tangu kiwandani. Nyufa nyingine ndogo zinaweza kuwa jirani yake bila kuonekana kwa macho, na moto wa mhunzi hauziponyi, kwa sababu kuta zake zimekwisha kushika kutu. Bamba hilo likatwe mbali na mvunjiko, kipande kibaya kiwekwe pembeni kwa kazi isiyopigwa nyundo, na tindo la kuingia shimoni lifuliwe kwa sehemu iliyobaki.